Namugongo si hema, ule ni msonge

Tumerudi hija ya Namugongo, kwenye kanisa la mashahidi wa imani wa Uganda, na basi letu la parokia, tumechoka, miguu imevimba, vidumu vya maji ya lile ziwa la pale vinagongana chini ya siti, na kabla hatujafika mpakani Mutukula kaka mmoja nyuma yangu akaanza, "Kanisa zuri lakini jamani halina sura ya kanisa, limekaa kama hema." Watu wakacheka. Mimi iliniuma, na bado inaniuma ndo maana naandika.

Hema? Mtu wa Kagera unaangalia paa lile lililochongoka unaona hema? Ule ni msonge, nyumba yetu ya asili ya duara! Mimi nimekulia kwa bibi, msonge naujua, mlangoni unainama upende usipende, ukishaingia kwanza ni giza, halafu macho yanazoea unaanza kuona nguzo mojamoja, chini nyasi zimetandazwa zinanukia, na paa linapanda linapanda mpaka linapotelea kwenye moshi. Siku ya kwanza naingia Namugongo nilisimama nikaangalia juu mpaka shingo ikauma, nikamkumbuka bibi, machozi yakanitoka mbele za watu.

Sawa, aliyelichora ni Mswisi, Justus Dahinden, na kwenye miti na nyasi yeye kaweka chuma na shaba. Hilo sibishi. Lakini zile nguzo 22 zinazolizunguka kwa nje, zinazoinuka kutoka chini zikiinamiana kwenda juu, ulizihesabu? Kila moja ni ya shahidi mmoja, Karoli Lwanga, Mbaga Tuzinde, Kizito aliyekuwa mtoto kabisa, na wenzao. Na altare imewekwa pale alipochomwa Lwanga tarehe 3 Juni 1886, kwa moto wa polepole ulioanzia miguuni.

Halafu hili la "sura ya kanisa". Basilika ni cheo anachotoa Papa, na Namugongo ilikipata 1993. Hata lile jengo refu lenye safu za nguzo tunalolizoea kwenye picha za Roma halikushuka mbinguni, Wakristo wa kule walilichukua kwenye kumbi za mahakama na biashara za mji wao, wakaona jengo wanalolijua, wakaingiza altare, wakasali. Walichukua cha kwao. Sasa sisi tukichukua cha kwetu kwa nini tuone aibu?

Kuna watakaosema Papa Paulo VI alipofika pale 1969, au kanisa lilipotabarukiwa 1975, hela zingejenga mashule. Shule tunazihitaji, ndiyo, ila sehemu kama ile ilistahili kanisa.

Ila kilichoniuma zaidi ni hiki. Wengi wa wale vijana walikuwa wahudumu wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, yaani walikula kwake wakalala kwake, na yeye ndiye aliyeamuru wauawe, wakatembezwa wamefungwa kutoka Munyonyo mpaka Namugongo. Kwa watu wa Buganda msonge mkubwa ni nyumba ya kifalme. Nenda Kasubi, makaburi ya makabaka wanne yapo ndani ya msonge mkubwa wa nyasi, ule ulioungua 2010 watu wakalia barabarani, na Mwanga mwenyewe kalazwa humo humo. Kwa hiyo waliochomwa kama kuni kwa amri ya mfalme leo wana nyumba ya umbo lile lile la nyumba ya mfalme, huku shaba na kule nyasi. Mimi nikilifikiria hilo nanyamaza kabisa, sijui wengine mnalichukuliaje.

Nilimgeukia yule kaka nikamwambia yote haya, kwa sauti ya juu kuliko nilivyokusudia, nusu ya basi wakawa wanasikiliza. Akakaa kimya mpaka tunapanga foleni ya mpakani na pasi mkononi, ndo akanisogelea akaniuliza, "Dada, hiyo Kasubi iko upande gani wa Kampala?"