Kura ya Lazima na Nauli ya Kakamega

Jirani yangu hapa Kaptembwo, Nakuru, ni fundi wa sare za shule. Agosti 8, 2022 alifunika cherehani, akapanda matatu kwenda Kakamega alikojiandikisha. Alipofika akakuta kura ya gavana imeahirishwa kwa sababu karatasi zilichapishwa vibaya. Siku ya pili akapiga zile kura nyingine, akarudi kazini. Ya gavana ikapangwa Agosti 23, halafu ikasogezwa hadi 29. Hakwenda. “Nauli ya pili ningeitoa wapi?” aliniuliza, wino wa kidoleni ukiwa bado haujatoka vizuri.

Namkumbuka kila ninapomsikia mtu akidai kwamba kupiga kura kuwe lazima kwa sheria, na asiyepiga atozwe faini.

Wanaodai hivyo wana hoja. Mwaka 2022 walioandikishwa walizidi milioni 22, na karibu asilimia 35 hawakutokea. Australia waliuona ugonjwa huo mapema: mwaka 1922 waliopiga kura hawakufika asilimia 60. Sheria ikapitishwa 1924, na katika uchaguzi wa 1925 wakapita asilimia 90. Faini yao ni dola 20 za huko tu, tena mwenye sababu ya maana husamehewa. Kwangu mimi faida kubwa iko kwingine kabisa. Kila mtu akijua lazima afike kituoni, mgombea hapati faida kubwa kwa kununua vitambulisho vya wafuasi wa mpinzani ili wabaki nyumbani, hila ambayo Wakenya hatuhitaji kufundishwa.

Ila sheria hiyo ilete Kisumu, Oktoba 26, 2017. Septemba 1 Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa rais wa Agosti, Raila Odinga akajiondoa katika marudio na kuwataka wafuasi wake wasusie. Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori kura haikupigwa. Kitaifa, waliojitokeza hawakufika asilimia 40, ilhali Agosti walikaribia 80. Pengo hilo lilikuwa kauli. Kwenye karatasi ya kura hakuna mahali pa kuweka alama kusema uchaguzi wenyewe huukubali. Mtu ataniambia: basi nenda ukaiharibu kura yako. Sawa, lakini mwaka 2013 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika hesabu ya asilimia za mshindi. Umepanga foleni tangu alfajiri, umesema, na hujasikika.

Nakiri si kila aliyekaa nyumbani Kondele, mtaa wa Kisumu, siku ile alisusia kwa hiari. Wapo waliotaka kupiga kura wakaogopa. Lakini kwao pia sheria ya lazima isingesaidia kitu, maana vituo vyenyewe havikufanya kazi. Faini ingemwangukia nani hapo, mwananchi au tume ya uchaguzi?

Ndiyo maana siikubali kwa sasa, ingawa hoja ya vitambulisho hunitikisa. Muaustralia hupiga kura Jumamosi, katika kituo chochote cha jimbo lake, au hata kwa posta. Sisi mtu lazima afike kwenye kituo kilekile alichojiandikisha, awe anafanya kazi Nakuru au Mombasa. Kifungu cha 38 cha Katiba kinaiita kura haki, na cha 83 kinataka taratibu za uchaguzi zimrahisishie raia. Deni hilo serikali haijalilipa. Faini leo ingekuwa kodi ya umbali, na wa kwanza kuilipa angekuwa fundi wangu, aliyesafiri mara moja akaambiwa arudi tena.

Nilimshauri ahamishie usajili wake Nakuru kabla ya 2027. Alinitazama kana kwamba nimemwambia auze shamba la babake.