Moyo kumbe haukai kifuani peke yake

Mwaka jana nilimpeleka shangazi yangu hospitali, daktari kijana akamuuliza mama una tatizo gani, shangazi akajibu "mwanangu, moyo unanichafuka tangu juzi". We! Kijana macho yakamtoka, mara presha, mara mapigo, mara kalale pale uwekewe waya za kifuani, na mimi huku nalipa tu dirishani. Kumbe mama wa watu anataka kutapika. Moyo kuchafuka ni kichefuchefu jamani, hata mwenye mimba changa atakwambia hivyo hivyo akisikia harufu ya kitunguu kinakaangwa.

Kuna ndugu zangu wanasema shangazi ndo kakosea, moyo ni ule unaosukuma damu basi. Mimi nakataa. Chembe cha moyo je? Weka kidole chini ya kidari pale mbavu zinapoachana, shuka kidogo panapobonyea, hapo ndo penyewe, na ukikandamiza unaligusa tumbo. Mwenye alsa anashika hapo hapo.

Naona shida ni ule mchoro wa darasani wenye vyumba vinne, tukaukariri mpaka maana zingine zote tukaziona mafumbo tu ya kwenye taarab. Wakati Wakikuyu wakisema muoyo wanamaanisha uhai, moyo wenyewe kwao ni ngoro, na Wachewa kule Malawi nao moyo ni uhai, ule wa kifuani wanauita mtima (na mtima hata sisi tunao, ila tumewaachia washairi). Mti nao una moyo, kile kiini cha katikati. Yaani neno lenyewe linasema ndani, kule kunakokuweka hai, sasa shangazi akisema ndani kumemchafukia kosa liko wapi?

Kipimo chenyewe sikilaumu, maana shambulio la moyo nalo kuna wakati linauma palepale kwenye chembe na mtu anatapika, kwa hiyo daktari usije ukasikia hivi ukampa mtu dawa ya tumbo ukamruhusu. Ninacholalamikia ni swali moja tu halikuulizwa, "mama, nionyeshe kwa kidole". Sekunde tano hizo.

Shangazi mwenyewe hana kinyongo. Ile karatasi ya kipimo kaihifadhi kwenye sanduku la kanga, mgeni akija inatolewa aone mistari ya moyo wake.