Umeshapanda Mlima?

Katika miaka tisa ya kuishi Leipzig, Ujerumani, nadhani nimeulizwa swali hili mara nyingi kuliko jina langu. Mtu akisikia natokea Marangu, chini ya Kilimanjaro, anaweka kikombe mezani na macho yanamng'aa: "Umeshapanda?" Zamani nilikuwa nadanganya. Nasema nilifika kibanda cha Mandara, kichwa kikaniuma, nikashuka. Siku moja nikamwambia hivyo mama mmoja wa makamo ambaye kumbe alishafika kileleni mara mbili. "Mandara? Si pale tunapolala usiku wa kwanza?" Tangu siku hiyo nasema ukweli: sijapanda.

Jioni ile nilimpigia mama yangu simu, nikamwuliza kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kufika juu. "Wapo waliobeba mizigo," akasema. "Bila mzigo mtu akafuate nini?"

Hapa nilipo ndipo alipoishi Hans Meyer, mchapishaji wa vitabu aliyefika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller. Alichukua jiwe kule juu, akampelekea Kaisari wa Ujerumani, likawekwa katika jumba la Neues Palais, Potsdam. Nilipoisoma habari hiyo nilimcheka Meyer kwa sauti ya mama yangu: kusafiri bahari nzima, kupanda mita 5,895, na kushuka na jiwe! Lakini nimekaa na Wajerumani vya kutosha sasa, na kicheko kimepungua.

Aprili ya kwanza niliyokuwa huku, mfanyakazi mwenzangu alinialika "kwenda msituni". Nikauliza tunakwenda kufanya nini. Akafikiri kidogo, akajibu: "Kutembea." Msitu wa Leipzig unaitwa Auwald, umepita katikati ya jiji kando ya mito, na majira hayo ardhi yake yote inafunikwa na majani mapana ya kijani yanayonuka kitunguu saumu. Unausikia msitu kwa pua kabla hujauona. Watu walikuwa wamejaa: vikongwe na mikongojo, watoto, mbwa. Hakuna aliyebeba panga wala kamba. Mimi macho yangu yalikuwa chini, yakihesabu matawi makavu. Kuni zote zile, na zinaachwa zioze! Mwenzangu alidhani nimevutiwa na uyoga.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba kutembea ndiyo shughuli yenyewe, na kwamba wameitungia sheria. Sheria ya misitu ya Ujerumani ya mwaka 1975 inasema kuingia msituni kwa ajili ya kupumzika kunaruhusiwa, hata kama msitu ni mali ya mtu binafsi. Ukianguka ni juu yako. Basi. Hakuna geti wala tiketi, wala askari wa kukuuliza unatafuta nini. Nasema hili kwa wivu, na nitalirudia chini.

Kwetu uhusiano wa mtu na miti unapita mikononi. Kihamba, shamba la nyumbani, kinakulisha, nawe unakilisha samadi. Mfereji wa maji una zamu, na asiyetokea siku ya kuuzibua atalijibu. Mama hutoka alfajiri, hutupia Kibo jicho moja, anajua kama ni siku ya kuanika maharage. Hajawahi kusema mlima ni mzuri. Nadhani ukimwuliza atakushangaa, kama umemwuliza kama mkono wake wa kulia ni mzuri. Hata neno "mazingira" mimi nililisikia kwanza shuleni, na maana yake ilikuwa kufagia uwanja kabla ya kengele.

Kwa hiyo nilipopata kibustani cha kukodi, hivi vya Schrebergarten ambavyo vilianzia jiji hili hili katika miaka ya 1860, nilifanya nilichofundishwa. Kanuni zinataka kisizidi mita za mraba 400, na angalau theluthi moja ilimwe chakula. Theluthi? Nililima chote. Maharage, viazi, maboga, kabichi hadi mlangoni mwa kibanda. Jirani yangu, mzee aliyestaafu ambaye kila mche wake una kibao chenye jina, alisimama kwenye ua siku mbili bila kusema kitu. Siku ya tatu akauliza kwa upole: "Sasa wewe utakaa wapi?"

Sikuwa na jibu. Shambani kwetu mtu aliyekaa ni mgeni, mgonjwa, au mwizi anayesubiri giza.

Mzee yule hutoa kiti chake saa kumi na moja jioni, akakaa akitazama ndege mmoja mdogo mwenye kifua chekundu anayefuata jembe. Anamjua ndege yule. Anajua mwaka jana alitagia wapi. Mimi nimekua na perere, wanyama wadogo wa mitini wanaolia usiku juu ya miti kama mtu anayekabwa, na hadi leo sijawahi kumwona hata mmoja kwa macho. Hilo linaniuma kidogo, siwezi kuficha. Mikono yetu inajua mengi, ila kuna mambo ambayo hayajulikani mpaka ukae kimya bila haja ya kitu.

Lakini na wao wana lao. Juzijuzi nilikuwa nasubiri zamu yangu kwenye zahanati moja, na pembeni ya kiti changu, kwenye chungu cha plastiki, palikuwa na mmea wa sale. Sale kabisa, majani marefu yenye mstari wa njano. Huku ni pambo la ofisini, linamwagiliwa Ijumaa. Kwa Wachagga ndilo linaloonyesha mpaka wa kihamba, na aliyemkosea mwenzake hutuma jani lake lililofungwa fundo kuomba msamaha; ukilikataa, umekataa kitu kizito kuliko maneno. Nilitaka kumweleza mtu. Kila mtu alikuwa anaangalia simu. Mmea umekaa nao chumba kimoja miaka yote hiyo na hawajawahi kuutuma kokote.

Sasa ule wivu. Watu wanaopenda kulinganisha husema Mzungu anapenda asili na Mwafrika anaitumia. Mimi nauliza nani anaruhusiwa kuifikia. Juu ya vihamba vyetu palikuwa na ukanda tunaouita Nusu Maili, uliotengwa mwaka 1941 kati ya mashamba na msitu wa serikali, ili wanakijiji wapate kuni na majani ya ng'ombe. Mwaka 2005 msitu uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na masharti yakabana. Najua sababu. Miti ilikuwa inakatwa kwa fujo, na mifereji yetu inaanzia mle. Sitetei misumeno. Ila mtoto wa Marangu wa leo anaukuta msitu umeshakuwa wa wageni wenye viatu vikubwa, nao wanapita na mwongozaji, kwa tiketi. Hafundishwi kuokota kuni mle kama bibi yake, wala hapelekwi Jumapili kutembea tu kama mtoto wa Leipzig. Kapokonywa la mikono bila kupewa la miguu. Kisha tunamwandikia bango la "Tunza mazingira".

Njia moja ya kutembea kwa miguu ingetosha. Kilomita mbili tatu ndani ya msitu, ya bure kwa wanakijiji, mzee mmoja akiwatajia watoto miti kwa Kichagga kabla majina hayajafa naye. Sidhani kama ni jambo la kuvunja bajeti ya mtu.

Mwaka jana nilipokwenda likizo nilimwomba mpwa wangu tupande hadi ukingoni mwa msitu, tutazame tu. Tulirudi jioni, viatu tope tupu. Mama alitutazama mikono. "Mmepoteza nini huko?"

Mzee jirani amenigongea benchi la mbao chini ya mti wangu wa tufaha. Nimeng'oa safu mbili za kabichi ili lienee. Hukaa pale jioni, na baada ya dakika kama tano hivi huwa nimeshainama nang'oa magugu.