Nne ya Meza au Nane ya Buibui?

Kwanza niseme: sikulia. Jamaa yangu ameshatangaza kwenye kila kikundi alichomo kwamba nimelia mbele ya wakubwa, na kuna wenzenu wamenitumia pole kama nimefiwa. Nilipenga kamasi. Simu ilikuwa mdomoni, ndiyo hiyo sauti waliyoisikia.

Mnaonijua mnaujua ugonjwa wangu. Mfumo mpya wa kompyuta ukitolewa kwa majaribio, kabla hata waliouunda hawajamaliza kuuparua, mimi nishauweka. Tena si kwenye laptopu ya akiba, maana sina. Naiwekea hiyohiyo moja ya kazi. Yale maandishi madogo kona ya chini kulia, yanayosema hii ni nakala ya tathmini, wengine huyaona onyo. Mimi niliyavaa kama nishani. Mtu akipita nyuma yangu nasogeza dirisha pembeni makusudi ayaone. (Na msinicheke peke yangu. Mwaka 2000 Apple waliuza toleo la majaribio la Mac OS X kwa dola 29.95, na watu wakatoa pesa. Mimi matatizo yangu nimeyapata bure.)

Mfumo wangu, jina ntalihifadhi, ulinipa siku 10 za kughairi na kurudi nilikotoka. Akili ilinijia siku ya 13.

Basi, juzi nilikuwa na wasilisho. Wenzangu wako kwenye chumba cha mkutano, mimi naingia kwa video kutoka nyumbani. Usiku wake apdeti ikaja, nikaibariki, nikalala. Asubuhi nawasha: badala ya kuniomba nywila, skrini ikaja ya buluu, imetulia kama bahari isiyo na upepo, inataka ufunguo wa dharura. Tarakimu 48.

Kilichotokea ni kwamba apdeti iligusa mambo ya uwashaji, ile chipu ya usalama ikaona kitu hakiko kama ilivyokizoea, ikakata shauri kwamba laptopu imeibiwa na mwizi ni mimi. Diski ikabaki imefungwa. Ufunguo ninao, nilikuwa nimeuhifadhi vizuri sana, kwenye faili nililoliita USIPOTEZE, ndani ya laptopu hiyohiyo. Nakala ya pili iko kwenye akaunti yangu ya mtandaoni, ambayo nywila yake nayo iko ndani ya laptopu hiyohiyo.

Someni tena hapo kama hamjaelewa. Mimi nilikaa napo dakika tano.

Mtu mwingine aliyekuwa na ufunguo ni jamaa yangu, tunafanya kazi pamoja. Siku naweka ule mfumo aliupiga picha ufunguo kwenye skrini yangu bila hata kuniomba, akasema, "Kaka, nakujua wewe." Nilimnunia siku nzima. Mtaniuliza kwa nini asinitumie hiyo picha. Kwa sababu simu yangu ya maana nayo niliiwekea toleo la majaribio wiki iliyopita, ikagoma kuwaka. Nilikuwa natumia kiswaswadu. Niliwaambia huu ni ugonjwa.

Nikampigia. Sasa, picha iko kwenye simu yake, na simu ndiyo anayoongelea, kwa hiyo ili aisome ilimbidi aitoe sikioni aweke spika. Hilo ni jambo la wazi kabisa ukilifikiria. Sikulifikiria.

"Nne nne nane nane nne nne," akaanza. (Ufunguo ule ulishakufa, msijisumbue.)

Kwenye spika ya kiswaswadu nne na nane ni mapacha. Nikaandika, ikakataa. Kila kundi la tarakimu sita lazima ligawanyike kwa 11, ukikosea moja tu linakurudishia hapohapo.

"Sema tena. Nne ya miguu ya meza au nane ya miguu ya buibui?"

"Meza meza, buibui buibui, meza meza."

Likapita! Hilo la kwanza, bado saba.

Tukaenda kwa lugha hiyo. Kundi la pili, la tatu. La nne nikalikosea mara mbili, jasho linanitoka, sauti inapanda. Kufika la tano nikaona tunachelewa, nikasema, kwa sauti ya mtu aliye peke yake na rafiki yake: "Fanya chapuchapu kabla yule mama hajaingia. Unamjua akichelewa kuanza anavyouma."

Kimya.

Si kimya cha mtandao, wadau. Kimya cha chumba. Nilisikia feni. Nilisikia mtu akirudisha kalamu mezani, taratibu, kama anaogopa kuiamsha.

Jamaa akakohoa. "Meza," akasema kwa unyenyekevu.

"Meza ngapi?"

Ikajibu sauti nyingine, ya kike, haina haraka hata kidogo: "Meza moja, halafu buibui wawili, mwanangu. Mimi ninayeuma nilishafika."

Nikasema shikamoo.

Sijui kwa nini. Mdomo ulijiendea wenyewe. Akaitikia marahaba, akaomba miwani yake, nikasikia kasha linafunguka na kufungwa, kisha akachukua simu ya jamaa na kunisomea makundi yaliyobaki yeye mwenyewe. Mkurugenzi wangu. Buibui, meza, sita, moja, buibui. Mahali fulani nyuma mhasibu akasema, "Hapana Mama, hiyo ni meza," wakabishana, wakakubaliana meza. Chumba kizima kilikuwa kinahesabu miguu.

Tarakimu ya mwisho nikaiweka. Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, viduara vikaanza kuzunguka, moyo nao.

"Imefunguka?" akauliza.

"Bado, Mama. Inasema inaandaa apdeti. Asilimia tatu. Inasema nisiizime."

Hapo ndipo nilipopenga kamasi.

Yaliyobaki si ya kusimulia: slaidi aliziwasilisha mwenzangu kutoka kwenye barua pepe niliyomtumia wiki iliyopita, laptopu nimeifuta yote nikaweka toleo lililokamilika, ikanila siku mbili na picha kadhaa, na kazini sasa naitwa Buibui.

Jioni yake kiswaswadu kikalia. Ujumbe: "Mwanangu, zile namba nimezinakili kwenye daftari langu. Ukikwama tena usione haya, piga. Ni mimi, anayeuma."

Nikamjibu shikamoo.