Valium haiachwi kwa ujasiri

Mtu aliyemeza Valium, dawa ya wasiwasi na usingizi, kila usiku kwa miaka mitano haambiwi "acha leo, jikaze". Anayemwambia hivyo, awe ndugu, rafiki au mhudumu wa afya, anamsukuma kwenye degedege, hata kama ana nia njema.

Diazepamu (ndiyo hiyo Valium), lorazepamu, alprazolamu na klonazepamu zote huipa nguvu GABA, kemikali inayoutuliza ubongo. Ukizimeza kila siku kwa miezi, ubongo hupunguza uwezo wake wa kujituliza, kwa kuwa kidonge kinaifanya kazi hiyo. Kikiondolewa ghafla, breki hazipo: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unapotea, na wengine huanguka degedege. Hali hiyo humpata hata aliyefuata maelekezo ya daktari bila kuzidisha kidonge kimoja, kwa hiyo aibu haina nafasi hapa. Uingereza ilishauri tangu 1988 kwamba dawa hizi zisizidi wiki mbili hadi nne. Hadi leo wagonjwa wanapewa cheti cha dawa kinachosema jinsi ya kuanza, bila neno hata moja kuhusu kumaliza. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Kuacha kwa usalama ni hesabu. Unapunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi unayotumia sasa, kisha unakaa hapo wiki mbili hadi nne kabla ya kupunguza tena. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuachisha dawa hizi Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, alisisitiza kwamba mwendo uwe wa taratibu na uamuliwe na mgonjwa mwenyewe. Nakubaliana naye kabisa.

Chukua mfano wa mtu anayetumia miligramu 20 za diazepamu kwa siku, kisha uende nao kwa daktari mkaujadili. Anashuka hadi 18, halafu 16. Kutoka 16 hadi 8 anapunguza 1 kila mara, na kutoka 8 hadi mwisho anapunguza nusu miligramu kila mara. Hizo ni hatua 26. Kwa wiki mbili kila hatua, ni mwaka mzima. Ukiwa na vidonge vya 5 pekee utakwama mapema, kwa hiyo ulizia na vya 2: 18 ni viwili vya 5 na vinne vya 2. Huku chini, dawa ya maji ndiyo rahisi. Ikiwa chupa imeandikwa miligramu 2 kwa mililita 5, nusu miligramu ni mililita 1.25, na hupimwa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, kamwe si kwa kijiko cha chai. Hatua za mwisho ndizo ngumu, kwa sababu nusu miligramu ikitoka kwenye 1 umeondoa asilimia 50. Hapo wengi huhitaji wiki nne kwa hatua, au vipimo vidogo zaidi.

Alprazolamu ina shida yake. Haikai mwilini muda mrefu, hivyo wasiwasi huweza kurudi kabla ya dozi inayofuata, na mtu akadhani ugonjwa umezidi. Daktari anaweza kumhamishia kwenye diazepamu, dozi moja baada ya nyingine. Kwa makadirio, nusu miligramu ya alprazolamu inakaribia miligramu 10 za diazepamu. Asiyejua hesabu hii asijaribu mwenyewe.

Siku zikiwa mbaya, simama kwenye dozi uliyopo. Usiruke siku, na usiongeze kidonge cha dharura leo ukakipunguza kesho. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakovuruga safari za wengi.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mtego mwingine. Jasho, kutetemeka, kichwa kuuma na mwili kukosa nguvu: mtu atasema ni malaria au taifodi. Atakwenda duka la dawa na kutoka na siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, nayo huweza kuongeza hatari ya degedege hasa wakati huu. Tramadoli, inayonunuliwa kwa maumivu ya mgongo, nayo ni vivyo hivyo, na ikichanganywa na diazepamu inaweza kudhoofisha pumzi. Pombe pia. Kwa hiyo pima malaria, ndiyo, lakini mwambie anayekuhudumia kwamba unapunguza Valium, na tangu tarehe gani. Daftari husaidia: tarehe, dozi, saa za usingizi, dalili. Masikio yakianza kulia, mwanga ukiumiza macho au ngozi ikiwaka siku chache baada ya kupunguza, nawe hukuwahi kuwa na hayo, yaelekea ni mwili unaidai dawa, si wasiwasi wa zamani uliorudi.

Mwenye kifafa, mjamzito, au aliyewahi kupata degedege apunguze chini ya uangalizi wa karibu. Yeyote akichanganyikiwa, akiona visivyokuwepo au akifikiria kujiua, apelekwe hospitali usiku huohuo. Huduma za akili zipo katika hospitali za Mirembe Dodoma, Muhimbili Dar es Salaam na Mathari Nairobi.

Baada ya nusu miligramu ya mwisho, usingizi unaweza kusumbua kwa miezi kadhaa, ukija na kuondoka. Amka saa ileile kila siku, acha kahawa na mirungi, na usifute miadi ya kliniki eti kwa kuwa vidonge vimekwisha.