Pima boti kabla ya kulaumu injini

Msimu uliopita boti yangu ya besi ilipoteza kilomita saba kwa saa, na karibu kila niliyemweleza aliitupia lawama injini. Nikabadilisha plagi, nikaweka vichujio vipya vya mafuta, nikapima mgandamizo wa silinda moja baada ya nyingine. Injini ilikuwa nzima. Mbio zilikuwa zimeshuka kutoka 112 hadi 105, na mizunguko ya injini kutoka 5,850 kwa dakika hadi 5,550, maji yametulia na mafuta nimefungulia hadi mwisho. Injini iliyochoka na injini iliyobebeshwa mzigo zote hushindwa kufika kwenye mizunguko yake ya juu. Tofauti ni kwamba ya pili hutibiwa kwa mizani.

Kwa asiyezijua, boti za besi ni zile boti ndefu, bapa, za kuvulia samaki wa maji baridi aitwaye besi. Hukaa chini karibu na maji na kusukumwa na injini moja kubwa ya nyuma. Mashindano makubwa ya Marekani, kama Bassmaster Elite Series, huweka kikomo cha nguvu za farasi 250. Kwa hiyo ukiona boti mbili za umbo lile lile zinaachana majini, mara nyingi sababu ni uzito na propela. Haya ndiyo mawili tuliyo nayo mikononi, na ndiyo tunayoyaacha tukihangaika na injini.

Nikapeleka boti na trela kwenye mizani ya malori, kisha nikarudi na trela tupu, nikatoa. Boti ilipokuwa mpya, na petroli, watu wawili na vifaa vya kawaida, jumla ilikuwa karibu kilo 1,600. Safari hii, kwa mzigo kama ule, ilikuwa 1,790. Nilikaa chini na kalamu. Nanga mbili za fito za kusimamishia boti kwenye maji mafupi, pamoja na pampu zake: kilo 45. Mota ya umeme ya mbele, mpya na yenye shina refu, ilizidi ile ya zamani kwa kilo 12. Betri mbili za ziada za kuilisha hiyo mota na skrini za sona, yaani vifaa vya kutafuta samaki kwa mawimbi ya sauti: kilo 60. Skrini zenyewe na vishikio vyake vya chuma: 15. Visanduku vya chambo, vipande vya risasi na fimbo ambazo nyingine sijazigusa mwaka mzima: 40. Kamba, zana, nanga ya akiba na takataka za chini ya viti: 18. Hakuna hata kimoja nilichokiona kizito siku nilipokiweka. Haba na haba ilikuwa imejaza kibaba.

Kuna kanuni ya zamani ya wajenzi wa boti, kanuni ya Crouch, isemayo kwamba kasi ya boti inayoteleza juu ya maji hufuata kipeuo cha pili cha nguvu ikigawanywa kwa uzito. Maana yake, ukiongeza uzito kwa asilimia 10 kasi hupungua kwa karibu asilimia 5. Weka 1,790 mahali pa 1,600, na ile 112 inageuka takriban 106. Mimi nilisoma 105. Kilomita moja iliyobaki naiweka kwenye vihisi vya sona vinavyokata maji na, zaidi ya hapo, kwenye mahali mzigo ulipokaa.

Mahali pa mzigo panastahili heshima zaidi kuliko tunavyopaheshimu. Boti ya besi ikishika mbio haigusi maji kwa mwili wake wote. Inakalia kipande chembamba cha kitako karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, na omo, yaani mbele yake, yote iko hewani. Kilo kumi kwenye ncha ya omo ni kama kilo kumi kwenye mwisho wa mkono ulionyooshwa: hushusha pua, maji yanagusa sehemu kubwa zaidi ya boti, na mbio zinakufa. Ukisukuma kila kitu tezini napo kuna gharama yake. Boti inachelewa kupanda juu ya maji, wakati wa kuondoka dereva anatazama mbingu badala ya ziwa, na kwenye mwendo wa kati omo huanza kunyanyuka na kushuka bila kukoma. Yangu ilikuwa hivyo. Injini, tangi, betri zote na nanga za fito, vyote vilikuwa nyuma ya kiti changu.

Vimiminika navyo husahaulika kwa sababu havionekani kama vifaa. Lita 150 za petroli ni kama kilo 110. Tangi la samaki la lita 100 likijaa ni kilo 100 kamili, na asubuhi, kabla hujapata samaki hata mmoja, huna sababu ya kukimbia nalo limejaa. Maji yaliyolala ngamani, chini kabisa ndani ya boti, ni vivyo hivyo: pampu hukausha bure kilo ambazo watu hulipa pesa nyingi kuzipunguza.

Sasa propela. Hapa ndipo nilipokosea, na ndipo ninapoona wengine wakikosea kila msimu. Fundi mmoja alinishauri kwamba kama mbio zimepungua, nipande kutoka pichi ya 25 hadi 26. Pichi ni umbali, kwa inchi, ambao propela ingesonga mbele katika mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu inayoingia kwenye ubao. Pichi kubwa, hatua ndefu, mbio zaidi: maneno yaliniingia akilini. Nikaifunga, nikaenda majini, nikapata 103. Mizunguko ilishuka hadi 5,350, na siku ya matangi kujaa iligota 5,150, chini kabisa ya kiwango cha 5,200 hadi 6,000 alichokitaja mtengenezaji wa injini.

Hesabu inaeleza kilichotokea. Gia ya injini yangu ni 1.75 kwa 1, kwa hiyo mizunguko 5,850 ya injini ni kama 3,343 ya propela. Zidisha kwa pichi ya 25, yaani sentimita 63.5, na boti ingepaswa kwenda kilomita 127 kwa saa. Ilikwenda 112, kwa sababu maji si ubao na propela huteleza. Pale mtelezo ulikuwa asilimia 12. Nilipofunga ya 26 kwenye boti nzito, mtelezo ulipanda hadi 15 na injini ikapoteza mizunguko 200 juu ya ile iliyokwisha kupotea. Hatua ikawa ndefu, lakini zilipigwa hatua chache, na kila moja iliteleza zaidi. Ni kama kumpandishia baiskeli gia nzito mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni.

Tena kupoteza mbio ndilo dogo. Injini inayolazimishwa kusukuma mzigo mkubwa kwa mizunguko michache huchemka, pistoni hugongwa na mlipuko usio wa wakati wake, na hayo hayaonekani mpaka siku ya kulipia. Ndiyo maana nashikilia kwamba propela ichaguliwe kwa boti jinsi inavyoenda kuvua: matangi, betri, mwenzako na fimbo zake zote. Kuichagua kwa boti tupu ya jioni ya majaribio ni kujidanganya. Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko 150 hadi 200 hivi. Kwa kipimo hicho unaweza kujua pa kwenda kabla hujanunua.

Mimi nilirudi chini, hadi 24, na nikachukua ya mapanga manne. Kwa kawaida mapanga matatu ndiyo yenye mbio za mwisho, kwa kuwa panga la nne huburuta maji zaidi. Lakini mapanga manne hushika maji vizuri na kuinua tezi, na tezi ndiyo iliyokuwa ikinilemea. Boti ilifika 5,750 na kilomita 107. Propela ya hatua fupi ilinipa mbio zaidi ya ile ya hatua ndefu, kilomita nne nzima, na boti ilichomoka kutoka kusimama bila kutazama mbingu. Iwe ya chuma kisichoshika kutu, nasisitiza, kwa boti ya aina hii. Mapanga ya alumini hujipinda yakibanwa na nguvu kubwa, na pichi uliyoinunua siyo unayoitumia.

Baada ya hapo nikatoa sehemu kubwa ya zile kilo 58, yaani lile fungu la chambo, risasi, fimbo na takataka, nikabakiza tu vya kuvulia siku hiyo. 5,820, kilomita 109. Nanga za fito na skrini zimebaki, na sioni haja ya kuziomba radhi: zinanisaidia kupata samaki, na kilomita tatu ni bei ninayoilipa kwa kujua.

Kilichobaki ni zile betri mbili za ziada. Kila moja ni ya risasi, kilo 30. Ya lithiamu yenye uwezo wa kulingana nayo ni kama kilo 12. Zikibadilishwa, kilo 36 zitaondoka tezini, pale pale panapouma, na injini itapanda kukaribia 5,900. Hapo ndipo nitakapoitoa propela ya 25 kabatini na kuijaribu tena, matangi yakiwa yamejaa.