Ameacha dawa, mbona pupa haijamtoka?

Wazazi wengi wenye kijana aliyetoka kutibiwa uraibu wa kokeini au methamfetamini wana malalamiko yanayofanana: dawa ameacha, lakini papara iko palepale. Mshahara ukiingia leo, kesho umekwisha. Kazi anaiacha kwa hasira ya dakika tano. Wataalamu nao wamegawanyika. Je, pupa hii imeletwa na dawa, au ilikuwapo tangu utotoni na ndiyo iliyomsukuma kwenye dawa? Ikiwa imeletwa na dawa, kazi yetu ni kuupa ubongo muda upone. Ikiwa ilikuwapo, kumsubiri kijana arudi "kama zamani" ni kusubiri kitu ambacho hakikuwapo.

Wanaoilaumu dawa wana ushahidi wao. Mwaka 2001 Nora Volkow na wenzake, wakitumia maabara ya Brookhaven katika jimbo la New York, walitoa matokeo ya picha za ubongo wa watu watano waliokuwa wakitumia methamfetamini. Walipigwa picha kabla ya kutimiza miezi sita bila dawa, kisha wakapigwa tena baada ya mwaka na zaidi. Kilichopimwa ni protini zinazoirudisha dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za ubongo, ndani ya seli ikishafikisha ujumbe wake, protini ambazo methamfetamini huzipunguza. Safari ya pili zilikuwa zimeongezeka kwa asilimia 16 hadi 19 katika sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na mwendo na hamu ya tuzo. Kwa mama aliyeambiwa mwanawe ameshaharibika, hiyo ni habari ya kumwondolea usingizi kwa furaha. Ila vipimo vya kumbukumbu na wepesi wa mikono havikupanda kwa kiasi hicho. Protini zilirudi, uwezo ukachelewa. Na watu watano ni wachache mno kubebeshwa matumaini ya kila familia.

Upande wa pili una utafiti ninaouona mzito zaidi. Mwaka 2012 Karen Ersche na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jozi 50 za ndugu wa damu. Katika kila jozi mmoja alikuwa mraibu wa vichangamshi, yaani dawa za aina ya kokeini, mwenzake hakuwahi kuwa mraibu. Walipewa jaribio jepesi kulieleza, gumu kulifanya: mshale unatokea kwenye kioo, unabonyeza kushoto au kulia upesi uwezavyo, lakini mara mojamoja inakuja ishara ya kukutaka usibonyeze. Kidole kimeshaanza safari, sasa kizuie. Mraibu alishindwa kujizuia kuliko watu wengine wenye afya, na ndugu yake ambaye si mraibu alishindwa pia. Hata nyuzi zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu za ndani zilikuwa na kasoro kwa wote wawili.

Wapo wanaoyachukua matokeo hayo kama hukumu ya ukoo. Mimi nayaona kinyume. Nusu ya watu waliokuwa na udhaifu huo waliishi nao bila kuangukia kwenye uraibu. Kumbe mtu anaweza kuwa na pupa ya kuzaliwa na bado akaendesha maisha yake, akipata mazingira yanayomsaidia. Hapo ndipo juhudi za tiba zinapotakiwa kwenda.

Kwa kijana jambo hili lina uzito wa pekee. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo kabla ya kutenda, huendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Aliyeanza dawa akiwa na miaka 17 hana ubongo wa mtu mzima wa kurudia. Ulikuwa bado unajengwa. Hilo linamweka hatarini, na pia linampa nafasi, kwa kuwa ujenzi haujafungwa. Lakini programu nyingi humtaka tangu wiki ya kwanza awe na kile kile alichopungukiwa: afikirie afya yake ya mwaka ujao na aikatae raha ya leo. Akianguka, anaambiwa hana nia.

Nancy Petry wa Chuo Kikuu cha Connecticut aliishika njia nyingine. Mkojo ukipimwa na kukutwa safi, mgonjwa anachovya mkono kwenye bakuli lenye vikaratasi 500. Nusu vimeandikwa pongezi tu, vingi vina zawadi ya dola moja, vichache dola 20, kimoja dola 100. Kadiri anavyokaa safi mfululizo ndivyo anavyoruhusiwa kuchota mara nyingi zaidi. Akitumia dawa, anarudi mwanzo. Tuzo iko karibu, leo hii, mahali ambapo ubongo wenye pupa unaiona. Hospitali za wanajeshi wastaafu Marekani zilianza kutumia mbinu hii mwaka 2011, na California ikafuata mwaka 2023 kwa kadi za manunuzi katika mpango wa wiki 24.

Wapinzani wanauliza kwa nini mtu alipwe kwa kufanya linalompasa, na wana hoja nzito zaidi: zawadi zikikoma, manufaa hupungua. Hoja ya pili ni ya kweli, nami naichukua kuwa sababu ya kurefusha msaada, si ya kuufuta. Tanzania ilianza kutoa methadoni, dawa inayoshika nafasi ya heroini, katika hospitali ya Muhimbili mwaka 2011 kwa waraibu wa heroini, na dozi ya kila siku yenyewe humrudisha mgonjwa dirishani, akaonana na muuguzi na mshauri. Kwa kokeini na methamfetamini hakuna dawa ya aina hiyo iliyoidhinishwa. Hakuna kinachomvuta kijana arudi kesho, isipokuwa tukiweke sisi.

Kwa hiyo mzazi anayempeleka mwanawe kwenye nyumba ya upataji nafuu asiishie kuuliza ada na urefu wa geti. Aulize akishatoka, mwezi wa tano na wa nane baada ya hapo, nani atampima, nani atampigia simu akikosa kufika, na akikutwa safi atapewa nini siku hiyo hiyo.